Chekeche Halinyamazi

Bwana Makame alinitaka niandike neno moja tu. Neno lenyewe ni "nyamaza", na nilikuwa nimelibuni mimi mwenyewe, kwa hiyo sikuwa hata na mtu wa kumlaumu.

Nieleze vizuri, maana watu wakisikia kazi yangu hunikodolea macho kisha huniuliza kama naweza kufufua simu iliyoanguka chooni. Siwezi. Mimi huandika programu za kompyuta kwa lugha inayoitwa PHP, na tangu mwaka 2010 nimekuwa nikitengeneza programu ya kukagua programu nyingine. Jina lake ni Chekeche. Unalipatia mafaili yako, lenyewe linayasoma mstari kwa mstari bila kuiwasha hiyo programu, kisha linakwambia: hapa umekosea, hapa utajuta, hapa sijakuelewa. Kazi yake ni ileile ya chekeche la unga jikoni, kuzuia uchafu usifike kwenye sufuria.

Kazi ya aina hiyo haina mwisho. Kila kanuni ya ukaguzi niliyoliongezea ilizaa maswali matatu. Rafiki yangu Pili, niliyesoma naye chuo Mbeya, ndiye aliyekuwa akilijaribu kila toleo na kuniandikia barua pepe za kunicheka. "Bushra, toleo lako jipya limeikataa programu ambayo haina hata mstari mmoja," aliandika mara moja. Watu wa Chapwa, mtaa wetu hapa Tunduma, nao walikuwa na lao. Binti mzima, wanasema, anakaa siku nzima anasoma makosa ya kompyuta, tena ya kompyuta za watu. Niliwaacha waseme. Nilikuwa nimeshafika kanuni ya ishirini na tatu, na sikuwa na mpango wa kuacha kwa sababu ya jirani.

Mkate wangu ulitoka kwenye yadi ya malori ya Bwana Makame. Mwaka 2009, nikiwa nimetoka chuo juzi tu, nilimwandikia programu ya kufuatilia magari yake: lori limetoka wapi, saa ngapi, limeingia getini saa ngapi, limekaguliwa na nani. Alikuwa na ofisi ndogo ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, alikokaa karani mmoja anayeitwa Ruti, na yadi kubwa upande wetu, pale Chapwa. Getini alikuwepo mzee Jairo Kibona, mtu wa Mbebe kule Ileje. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka utadhani umepigwa rula, na hakuwahi kumpitisha mtu bila kumpekua, hata bosi mwenyewe.

Sasa, kutoka Tunduma kwenda Nakonde ni kuvuka tu, lakini ukivuka, saa inarudi nyuma saa nzima. Wao wana saa yao na sisi tuna yetu. Mtu wa hapa hakumbuki hata ni lini alijifunza hesabu hiyo. Mtu wa Nakonde akimwambia "njoo saa nne", anafika saa tano ya kwetu na hakuna aliyechelewa. Simu zetu zikishika mtandao wa ng'ambo zinarudi nyuma zenyewe, nasi tunazirekebisha kichwani bila kuacha maongezi. Na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna anayeandika. Fungua daftari lolote la mpakani utaona saa tupu, bila kusema ni ya nchi gani.

Mimi nimezaliwa hapahapa. Nikaandika programu yangu hivyohivyo, saa tupu.

Mwaka 2011 nilishtuka nikaiweka sawa. Niliandika kipande cha programu nilichokiita badili_saa, kazi yake kuichukua saa anayoandika Ruti na kuiongeza saa moja kabla haijahifadhiwa. Kisha nikachapa kitabu cha maelezo, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaweka kwa herufi kubwa: SAA ZOTE NI ZA TANZANIA. Nilijivuna sana siku ile. Nilikinunulia kitabu hicho jalada la plastiki.

Machi mwaka 2013, lori moja la shaba liliingia yadi na kukutwa lakiri yake imekatwa. Mafungu mawili ya mabamba ya shaba hayakuwepo. Kampuni ya bima ikamtuma mkaguzi kutoka Dar es Salaam, Bwana Mayala, mtu mpole mwenye miwani na mkoba wa ngozi, aliyekuwa akiona mpaka wetu kwa mara ya kwanza. Alichapa taarifa ya lori lile kutoka kwenye programu yangu. Ilisema lori lilimaliza taratibu zote na kuondoka Nakonde saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Liliingia geti la Chapwa saa nne na dakika kumi. Mwendo ule ni wa dakika ishirini. Hii iliyobaki, akauliza, saa nzima, lori lilikuwa wapi?

Dereva alikuwa na mashahidi kwamba hakusimama popote. Basi ikabaki hesabu moja tu. Lori liliingia mapema, mlinzi wa geti akaandika saa ya uongo, na ndani ya saa hiyo watu wakashusha shaba.

Kikao kilikuwa Jumatatu, ofisini kwa Bwana Makame. Tulikuwa wanne: yeye, mkaguzi, mzee Kibona na mimi. Mzee Kibona alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Hiyo ni saa ya Nakonde," alisema. "Mniwie radhi, wazee. Hapo mtu anaongeza saa moja. Ukiongeza, zinabaki dakika ishirini. Hakuna saa iliyopotea."

Bwana Mayala alifungua kitabu changu chenye jalada la plastiki. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanigeukia.

"Bi Bushra, hii saa imebadilishwa au haijabadilishwa?"

"Imebadilishwa. Programu inabadilisha yenyewe."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mzee Kibona alinitazama. Hakukasirika, ila alikuwa kama mtu aliyesikia jambo geni. "Binti, una hakika?"

"Mzee, mimi ndiye niliyeiandika," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, maana sikupenda kuulizwa swali hilo mbele ya mgeni.

Nayakumbuka maneno hayo kuliko yote niliyowahi kusema. Mzee Kibona alirudishwa nyumbani siku ileile. Kikao cha mwisho kilipangwa Ijumaa, apewe barua ya kufukuzwa, kisha faili liende polisi. Kabla ya jioni makuli wa yadi walikuwa wameshampa jina la Mzee Shaba. Nilisikia wakilitamka na kucheka, nikapita.

Jumatano mchana nilikuwa na kazi yangu ya kanuni ya ishirini na tatu. Kanuni hiyo niliibuni kwa ajili ya programu zinazochanganya vitu visivyochanganyika, kilo na tani, au saa za nchi mbili. Chekeche linaibandika lebo kila thamani, iwe saa au uzito, inapoingia kwenye programu, kisha linaifuata popote inapokwenda, kama karani wa mizigo anayefuata gunia lenye alama. Mwisho wa safari linauliza: hii lebo ni sawasawa na ile iliyotakiwa hapa? Kama si sawa, linapiga kelele.

Kwa wiki mbili kanuni ile ilikuwa imepiga kelele bila adabu. Nilikuwa nikiijaribu kwenye programu ya yadi, kwa sababu tu ndiyo programu kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, na ilikuwa ikitoa malalamiko mia tatu na zaidi. Pili aliniandikia kwamba hicho si chekeche, ni mke mwenza. Siku ile nikagundua shida iko wapi. Chekeche halikuwa linajua kwamba thamani ikipita kwenye badili_saa lebo yake inageuka, kutoka ya Nakonde kuwa ya kwetu. Nililifundisha hilo, nikaliendesha tena.

Malalamiko mia tatu yaliondoka. Likabaki moja.

"Faili jaza_baadaye.php, mstari wa 88. Saa ya Nakonde inahifadhiwa mahali panapotakiwa saa ya Tanzania. Njia nyingine inayofika hapa imepita badili_saa. Hii haijapita."

Nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka, nikasema peke yangu, hapana bwana, hapo umekosea wewe. Chekeche lilikuwa na neno moja la msaada: ukiwa na uhakika kwamba linalalamika bure, unaandika "nyamaza" juu ya ule mstari, nalo linauruka. Nilikuwa nimeshaandika herufi tatu za kwanza. Ndipo macho yangu yakarudi kwenye jina la faili.

Jaza baadaye. Ukurasa huo niliuandika mwaka 2012 kwa sababu mtandao wa Nakonde ulikuwa ukikatika. Ukikatika, Ruti anaandika kwenye daftari, na jioni mtandao ukirudi anajaza magari yote kwa mkupuo. Niliuandika kwa haraka, siku moja tu, na kuzijaribu saa zake nilizijaribu kwa mfano niliotunga mwenyewe nikiwa mezani kwangu Tunduma. Kuita badili_saa nilisahau. Ukurasa wa kawaida unabadilisha, ukurasa huu haubadilishi, na zote mbili zinamwaga saa zao kwenye pipa moja.

Nikachukua simu nikampigia Ruti, nikamsalimu kwa Kibemba.

"Mulishani, Ruti. Ile Alhamisi ya lori la shaba, mtandao ulikuwepo?"

"Awe, mukwai, haukuwepo. Ulikata tangu asubuhi. Nimeandika kwa daftari, nikaja kujaza jioni."

"Uliandika saa ya wapi?"

"Ya kwetu. Sasa ningeandika ya wapi?"

Nilikata simu. Kwa mwaka mzima saa hizo zilikuwa zikionekana kwenye taarifa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila aliyezisoma alikuwa mtu wa hapa. Akiona saa nzima imezidi, anaitoa kichwani na kuendelea na chai yake. Alihitajika mgeni kutoka Dar aamini kitabu changu kama kilivyoandikwa. Mzee Kibona alisema ukweli mtupu, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu nikaona hasira, ya kwanza juu yangu mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nilimfuata Bwana Makame ofisini. Ni mtu wa Pemba, alikuja Tunduma na lori moja bovu miaka ya tisini, na sitasema kwamba ni mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akafunga mlango.

"Mwanangu, kaa hapo. Mistari mingapi imo kwenye programu hiyo?"

"Kama elfu ishirini."

"Elfu ishirini, na mmoja ndio mbovu. Mimi ningekuwa na malori ya namna hiyo ningetoa sadaka kila siku." Alijaribu kutabasamu. "Jumatatu wanakuja wenye yadi tatu kuitazama programu yako. Mmoja wa Nanyala, wawili wa hapa mjini. Wakiipenda, wewe utakuwa na kazi mpaka uchoke. Leo ukiniambia saa za programu ni mbovu, yule mkaguzi atafungua karatasi zangu za miaka minne. Kila lori, kila saa. Na kama saa haikupotea hapa, basi shaba imepotea njiani, na hiyo njia ni karibu kilomita elfu moja, na lori ni langu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mzee Kibona je?"

"Kibona nitamsitiri. Polisi hatakwenda, nitazungumza nao. Atarudi kwao Mbebe akalime kahawa yake, amechoka yule."

"Hakuiba, Bwana Makame. Utamsitiri na nini?"

Alirudi kitini. Kisha akasema lile neno. "Si uliwahi kunionyesha kwamba hilo chekeche lako lina namna ya kunyamazishwa? Uandike neno moja tu hapo juu, yaishe. Mstari utaurekebisha polepole, mwezi ujao, bila kelele."

Nataka niseme ukweli: nilifikiri. Yadi tatu si mchezo. Nilifikiri kwa muda ambao mtu anaweza kunywa glasi ya maji. Nikayaona macho ya mzee Kibona akiniuliza kama nina hakika.

"Siandiki," nikasema.

"Basi kikao cha kesho hukualikwa."

"Sawa."

Nilirudi mezani kwangu, na badala ya kulia nikafungua mafaili ya Chekeche. Nilitafuta kila mahali nilipoliruhusu neno nyamaza, nikaling'oa. Mahali pake nikaweka sharti. Mtu anayetaka Chekeche liuruke mstari lazima aandike sababu na jina lake kamili, na kila taarifa itakayochapishwa itamtaja kwenye ukurasa wa mbele. Nilimtumia Pili toleo hilo kabla ya adhuhuri. Alinipigia simu akifoka.

"Umerukwa na akili? Watu wataacha kulitumia!"

"Waache."

"Bushra, chombo kinatumika kwa sababu kinampendeza mtu."

"Wenye kupenda kupendezwa wakanunue marashi," nikamwambia. Alicheka, halafu akaniuliza kuna nini, nikamsimulia yote. Aliniambia nichape kila kitu kwenye karatasi, maana mkutanoni umeme ukikatika nitabaki na mikono mitupu. Ushauri wa maana kuliko wote niliopewa wiki ile.

Ijumaa saa nne asubuhi niliufungua mlango wa ofisi bila kubisha. Bwana Mayala alikuwa ameshika kalamu. Mzee Kibona alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, koti lilelile, na barua ilikuwa mezani mbele yake.

"Huyu hahusiki leo," alisema Bwana Makame.

"Nahusika kuliko wote," nikasema. Nikaiweka kompyuta mbele ya mkaguzi. "Bwana Mayala, nakuomba dakika tano. Andika mwenyewe, kwa mkono wako, mimi sitagusa. Hapa ni ukurasa wa kawaida wa Nakonde. Andika lori lolote, saa tatu kasoro dakika kumi."

Alimtazama Bwana Makame, akanitazama mimi, akaandika.

"Sasa fungua ukurasa huu wa kujaza baadaye. Lori lilelile, saa ileile."

Akaandika. Nikamwonyesha pa kubonyeza ili aone taarifa. Mistari miwili ilitokea. Wa kwanza ulisema saa nne kasoro dakika kumi. Wa pili ulisema saa tatu kasoro dakika kumi.

Bwana Mayala alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lori la shaba lilijazwa kwa ukurasa upi?"

"Wa pili. Mtandao ulikatika siku ile. Karani wa Nakonde ana daftari lake, unaweza kuvuka ukalione, ni hapo tu."

"Kwa hiyo saa hiyo nzima..."

"Haikuwahi kuwepo. Mzee Kibona alikwambia Jumatatu."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma na utingo wake akipiga bodi kwa kofi.

"Na wewe Jumatatu uliniambia inabadilisha kila mara," alisema mkaguzi. Hakupandisha sauti. "Hili kosa ni la nani?"

"Ni langu. Niliuandika ukurasa huo kwa haraka, sikuujaribu vizuri, na nilipoulizwa nilijibu kwa majivuno bila kwenda kuangalia. Andika hivyohivyo nilivyosema."

"Unajua maana ya kusema hivyo?"

"Najua. Andika."

Bwana Makame alipiga meza kwa kiganja. "Huyu mtoto hajitambui! Programu imefanya kazi miaka minne, leo kosa moja..."

"Kuna mengine?" Bwana Mayala aliniuliza mimi, si yeye.

Nikatoa karatasi zangu kwenye mkoba nikazilaza mezani, zikaifunika ile barua. "Yapo arobaini na moja. Mengi madogo. Mengine yanahusu tarehe, mawili yanahusu uzito. Kila moja lina faili na mstari wake. Chombo changu kimeyakuta kwa kanuni zake zote ishirini na tatu, na hakuna hata moja nililolificha. Kama kuna mwenye yadi anataka kununua programu hii, anunue na karatasi hizi."

Bwana Makame alinitazama kama ameona mtu anayevunja nyumba yake mwenyewe kwa nyundo. Pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini moyoni sikuwahi kujiona mrefu kama siku ile.

Mkaguzi alisoma karatasi moja baada ya nyingine. Mwishowe akaichukua ile barua kutoka chini ya karatasi zangu, akamrudishia Bwana Makame. Alisema kwa upande wake hana tena neno na mlinzi wa geti, ataliona daftari la Nakonde mchana huo, kisha atakwenda kuuliza habari za lori lile huko lilikotoka.

Bwana Makame aliikunja barua mara nne. "Haya, mzee Kibona," akasema bila kumtazama. "Mambo yametokea, sisi sote binadamu. Urudi kazini Jumatatu."

Mzee Kibona alisimama. Nilidhani atashukuru. Alivuta koti lake likakaa vizuri mabegani.

"Jumatatu sirudi," alisema. "Nimetolewa getini mchana, watu wakiniona. Narudi sasa hivi, watu wakiniona."

Akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akiukata uwanja wa yadi katikati, palepale malori yanapogeuzia, hakupita pembeni. Makuli waliacha magunia. Mtu aliyekuwa ameshika nafasi yake alimwona akija, akainuka kwenye kiti kabla hajaambiwa. Mzee Kibona alikaa, akafungua kitabu cha geti, akalamba kidole, akaanza kuhesabu kurasa za siku alizokosekana.

"Na wewe," Bwana Makame akaniambia, "toa vitu vyako."

Vitu vyangu havikuwa vingi. Nilijaza mkoba nikaenda getini. Wale makuli walikuwa bado wamesimama, nikajua wanasubiri kuona tutasemezana nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua mkoba."

Nikafungua. Alitoa kitu kimoja kimoja. Kompyuta, akaigeuza chini juu. Chaja. Modemu. Kanga, akaikunjua yote, akaikung'uta. Kifuko cha karanga, akachungulia ndani. Alichukua muda wake, mbele ya watu wote. Ndipo nilipojua kidogo jinsi inavyokuwa kusimama mbele ya macho yanayokudhania mwizi. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa makuli, "Mzee Kibona, mimi ndiye niliyekosea. Wewe ulisema kweli tangu mwanzo."

"Nimesikia," alisema, akarudisha kanga ndani, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. "Pita."

Nilipita. Nilipokuwa nimeshavuka mstari wa geti akaniita.

"Binti. Ile karatasi yako ina makosa mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Kuna mengine manne. Hicho chombo chako hakiyajui."

Niligeuka. "Mzee, umeyajua tangu lini?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Nilikaa kwenye jiwe nje ya geti, vumbi na yote, nikaifungua kompyuta juu ya magoti. Bwana Makame alitokea barazani akapaza sauti kutoka kule: huyo bado yupo hapo anafanya nini, si nimeshamfukuza?

"Yuko nje ya geti, bosi," mzee Kibona alimjibu bila kugeuka. "Huku ni barabara ya serikali."

Kisha akaegemea nondo za geti, akaanza. "La kwanza. Gari likiharibikia Nanyala, tela likaletwa na kichwa cha lori jingine, mashine yako inasema hilo ni gari jipya. Lile la kwanza kwako bado halijafika."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Yapo sita ya namna hiyo. Tangu mwaka juzi yanatembea tu humo ndani. Andika."

Nikaandika.